Ruhusa ya Uso wa Ukutani

Mtaani kila mtu alijua Mzee Brashi anakwenda wapi asubuhi. Akishamaliza chai yake, akishailaumu kuwa haina sukari na kujiongezea mwenyewe, alichukua kigoda chake cha kukunja, akavuka barabara mbili, akakaa kando ya kibanda cha fundi viatu, ameuelekea ukuta wa ghala kuukuu. Watu walimwamkia wakapita, na wakishapita walisikika wakiambizana, "Mzee kaja kumsalimia mkewe." Hakuna aliyesema kwa ubaya. Hata yeye mwenyewe, akipigiwa simu na kuulizwa yuko wapi, alijibu hivyohivyo bila kupepesa macho.

Ukuta ulichorwa kamba ya nguo kutoka kona hadi kona. Palikuwa na mashuka, mashati, gauni la mtoto, na soksi ambazo hazikufanana hata mbili. Katikati alisimama mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, mikono juu, anabana shuka. Uso wake ulikuwa umegeuka kidogo upande wa barabara, kama mtu aliyesikia anaitwa na bado hajaamua kuitika.

Mke wa Mzee Brashi alikuwa dobi, na nguo za wateja wake alizianika miaka hiyo kwenye uwanja uliokuwa mbele ya ghala, kabla maduka hayajaumeza. Kwa hiyo mchoro ulipotokea hakuna aliyehitaji maelezo. Walimwambia, "Wamekuchora." Mama yule akaenda kusimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni, akaukagua kama alivyokagua kola za watu, akasema, "Huyu si dobi. Nani anaanika shati kwa mabega? Likikauka linaota masikio." Watu walivunjika mbavu kwa kicheko. Lakini jina likawa limeshashika, na tangu hapo ule ukawa ukuta wa mama dobi, apende asipende.

Alipofariki, kazi ilirithiwa na bintiye. Alirithi mabeseni, kamba, wateja na hata jina. Sasa yeye ndiye Dobi, na ukiuliza mtaani jina alilopewa na wazazi utajibiwa kwa mabega. Aliishi na baba yake kwenye nyumba ya vyumba vitatu, kimoja kikiwa cha kazi. Humo mlikuwa na meza ya pasi iliyovishwa blanketi, ndoo ya wanga, na nguo zilizokunjwa na kufungwa kwa vitambaa vya rangi, kila mteja na rangi yake. Kulikuwa na joto muda wote. Mzee Brashi aliingia humo kwa kusita, kama mgeni, kwa sababu aliwahi kuegemea shati jeupe la mtu, na kisa hicho alikuwa akikumbushwa kila alipoonyesha dalili za kujisahau.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi rangi wa nyumba. Maisha yake yote alipaka kuta za watu, na mtaani walikuwa wakisema kwamba mstari wa Mzee Brashi kati ya ukuta na dari hauhitaji tepu wala rula. Alikuwa mkali. Aliwahi kushuka ngazini na kuondoka kwenye kazi ya tajiri kwa sababu tajiri alitaka apake juu ya ukuta wenye unyevu, na hakugeuka nyuma alipoitwa. Vijana waliojifunza kwake wote walikariri sheria yake moja, kwamba fundi haingilii kazi ya fundi mwenzake. Ukikuta ukuta umeachwa nusu na mtu mwingine, unamtafuta kwanza unamuuliza. Hata kama kaharibu, unamuuliza. Kijana mmoja alirekebisha mlango ulioanzwa na fundi mwingine, akidhani atasifiwa, na Mzee Brashi alimpeleka kwa mkono hadi kwa yule fundi kuomba radhi. Daktari alipomkataza rangi za mafuta kwa ajili ya kifua, alizigawa ngazi zake, akabakisha moja fupi, na akasema amestaafu.

Picha ya mama haikuwepo hata moja. Ilikuwepo albamu, lakini mwaka ule paa lilipovuja ilikaa ndani ya maji bila mtu kujua, na kurasa zikagandana. Dobi alijaribu kuzibandua kwa mvuke wa pasi, akiwa na imani na mvuke kuliko watu wengi, na kila ukurasa ulipoachia, nyuso zilibaki upande wa pili. Alilia siku hiyo, akiwa peke yake na mabeseni yake. Baba yake alimwambia asijali, mama yupo ukutani. Basi wakaishi hivyo, na hakuna aliyeona ajabu.

Halafu ghala likauzwa. Mmiliki mpya hakuwa mtu mbaya. Alipita kibanda kwa kibanda, akasalimia, akaeleza kwamba ukuta ule umepasuka toka chini na atauangusha Jumatatu ya wiki inayofuata ili ajenge mwingine. Fundi viatu alimuuliza kuhusu mchoro. Akasema hata yeye anaupenda, lakini ufa haujui kupenda.

Mzee Brashi alisikia yote akiwa kwenye kigoda chake. Kuanzia siku hiyo chai ikawa inarudi nusu kikombe, wala hailaumiwi. Hilo la kutolaumu ndilo lililomtisha Dobi. Alimzoea baba yake akinung'unika, na nyumba bila manung'uniko yake ilikuwa kama cherehani iliyozimwa. Akakata shauri kwamba kabla ya Jumatatu lazima picha ya ukuta ule iwe ndani ya nyumba, kubwa, ukubwa wa mtu, mbele ya kitanda cha mzee. Asipoweza, baba yake ataamka Jumanne bila pa kwenda, na yeye alijua mtu mzima asiye na pa kwenda huishia wapi.

Akaenda asubuhi jua likiwa upande mzuri, akapiga picha kwa simu. Akapiga nyingi, akachagua iliyotulia, akaipeleka kwenye duka la kuchapisha picha.

Dada wa duka alikuwa mcheshi, mwenye miwani aliyoivaa juu ya nywele na kuitafuta kila mara. Aliipenda picha. Akaikuza kwenye kompyuta, akapima kwa macho, akasema inatosha kuwa kubwa bila kuchuja. Halafu akafika kwenye kona ya chini ya ukuta, palipochorwa ndege mdogo aliyeachama mdomo, na mkono wake ukasimama.

"Hii sitoi, dada yangu," akasema.

"Kwa nini? Si picha yangu, nimepiga mwenyewe?"

"Picha ni yako. Mchoro si wako. Huyu ndege ni alama ya Chiriku."

"Chiriku ndiye nani?"

"Aliyechora. Yu hai, na ana sheria kichwani kuliko wakili." Dada akateremsha miwani, akaanza kueleza kwa vidole. "Jengo lililo nje, piga, chapisha, uza ukitaka. Sanamu iliyosimamishwa barabarani, hivyohivyo. Mchoro wa ukutani sheria yetu haikuuingiza kwenye ruhusa hiyo. Ukitaka kuupiga ukae nao kwenye simu yako, nani atakufuata? Lakini mimi ni duka. Nikitoa nakala ya ukubwa wa mlango, aliyenakili kazi ya mtu ni mimi. Mwaka juzi nilitoa kalenda zenye mchoro wake wa pale stendi. Alikuja hapa, akakaa kwenye kiti hicho ulichokalia, hakupaza sauti. Nilitamani angepaza."

"Ni ya kuweka chumbani kwa baba yangu. Siiuzi."

"Najua. Na nakuonea huruma kweli. Nenda kamwone, akikubali nipigie tu simu niongee naye, nitakutolea siku hiyohiyo."

Dobi alitoka pale amekunja uso. Alikuwa mtu wa kutii taratibu, kwa kuwa kazi ya udobi yote ni kutunza vitu vya watu, lakini hili lilimkaa kooni. Mama yake mzazi, uso wa mama yake, anauombea ruhusa kwa mwanamume asiyemjua. Njia nzima alikuwa akijibizana naye kichwani, na kichwani alikuwa akishinda.

Chiriku alipatikana nyuma ya shule, kwenye banda refu alimokuwa akitengenezea mabango na mandhari za maigizo. Jina lilikuwa la mzaha, maana alikuwa mtu wa maneno machache, mrefu, ndevu zimeingia mvi, na suruali yenye rangi kiasi kwamba Dobi aliitazama kwanza suruali ndipo akatoa salamu. Alimkaribisha kwenye benchi, akasafisha nafasi kwa kiganja, akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akanyanyuka, akachukua kikombe rafuni, akampa.

Kikombe kilikuwa na mchoro wa watoto wanaoruka kamba.

"Huo uko ukuta wa zahanati," akasema. "Nilichora bure, kwa ajili ya watoto wanaoogopa sindano. Kuna mtu kaupiga picha, kauweka kwenye vikombe, kwenye fulana, kwenye madaftari. Kikombe hiki nilipewa zawadi na shemeji yangu, hajui kama ni kazi yangu. Ndege wangu wamemkata. Walijua wanachofanya, la sivyo wasingemkata."

"Mimi sijamkata," Dobi akasema.

"Nimeona." Akakichukua kikombe, akakirudisha rafuni. "Lakini nimejiapia. Nikifungulia mmoja mlango, wa pili anaingia bila kubisha."

Dobi akajikaza kisabuni. Akamwambia mambo ambayo hakupanga kuyasema. Akamweleza albamu iliyoingia maji na chai inayorudi nusu. Akamwambia yule mwanamke wa katikati ni mama yake, na kwamba hakuna pengine popote duniani uso ule umebaki.

Chiriku akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mama yako? Sikuwa na mwanamke yeyote akilini. Nilichora mtu anayeanika nguo, basi. Uso hata sikuuchora vizuri. Nilikuwa kijana, nyuso zilikuwa zinanishinda, ndiyo maana nilimgeuza. Niliweka kivuli cha shuka, pua, nikakimbia."

"Uso upo," Dobi akasema, na akampa simu.

Chiriku akaikuza picha kwa vidole viwili. Akasogea mlangoni penye mwanga. Akakaa pale muda mrefu, akiisogeza picha kutoka shuka hadi shavu.

"Nani kachora uso huu?" akauliza.

"Si wewe?"

"Shuka ni zangu. Mikono yangu, kamba yangu, mashati yangu."

"Mashati yameanikwa vibaya," ulimi ukamponyoka Dobi.

"Niliambiwa. Kuna mama mmoja aliniambia siku naosha brashi, akaniambia mbele ya watu." Hakucheka. "Uso si wangu. Kuna mtu ameingia kwenye kazi yangu. Na hakuingia mara moja, hapa kuna rangi juu ya rangi. Tazama shavu. Huyu amekuwa akirudi."

Dobi hakuhitaji kutazama shavu. Alikuwa anaona mashati. Mashati ya baba yake, ya kila wiki, yenye vidoa vya hudhurungi kwenye mkono wa kulia, vidogo kama mbegu, ambavyo alivisugua kwa siki akimlaumu kimoyomoyo kwa kumwaga chai. Alikumbuka Jumapili alfajiri mzee anapotoka na mfuko, akisema ananyoosha miguu. Mtu aliyestaafu rangi ananyoosha miguu na mfuko wa nini? Yeye, anayejua doa la kalamu na doa la kutu kwa kunusa, aliishi na rangi ndani ya beseni lake na akaiita chai. Alijua pia kwamba akifumba mdomo sasa hivi, akisema sijui, huenda fundi huyu akaghadhibika na mtu asiyejulikana na bado akampa ruhusa yake. Na akisema, huenda akaikosa picha na kumtia baba yake aibuni siku hiyohiyo.

"Nadhani ni baba yangu," akasema.

"Mchoraji?"

"Fundi rangi. Wa nyumba."

"Alijifunzia wapi nyuso?"

"Hakujifunza. Hata mimi ndiyo najua leo." Akainuka, akamfuata mlangoni. "Ni mtu anayewagombeza watu kwa kugusa kazi ya wenzao. Sijui nikwambie nini. Naona aibu kwa niaba yake, na wakati huohuo sioni aibu hata kidogo."

Chiriku akarudi kwenye benchi, akakaa, simu mapajani. Alikuwa na hasira, hilo lilionekana wazi, na alikuwa anaigeuzageuza hasira ile kama mtu aliyepewa chombo ambacho hajui kinashikwa wapi. Mwishowe akaikuza tena picha, akautazama ule uso, na mabega yakashuka.

"Mimi nisingeweza," akasema. "Hata leo nisingeweza. Sikiliza, mama. Mwambie dada wa duka kwamba kilicho changu nimekupa. Kamba, nguo, mikono, ndege, vyote, kwa nakala moja, kwa chumba cha mzee. Lakini uso si wangu, na siwezi kutoa ruhusa ya kitu cha mtu mwingine. Nitakuwa sawa na hao wa vikombe. Kamwombe mwenyewe."

Akarudi kwa mguu. Alipofika kwenye kibanda cha fundi viatu akasimama, akamuuliza kama amewahi kumwona baba yake na brashi pale ukutani.

Fundi viatu akatoa misumari mdomoni. "Kwani hukujua? Kila Jumapili akijisikia vizuri. Mtaa mzima unajua."

"Na hamkuniambia?"

"Tukuambie baba yako ni fundi rangi? Sisi tulidhani manispaa imempa kazi ya kuutunza." Akairudisha misumari mdomoni, akaongea kwa pembeni. "Ngazi yake anailaza hapa kwangu."

Kwa hiyo siri iliyokaa miaka yote hiyo ilikuwa siri kwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyefua mashati. Dobi alisimama pale akiutazama ukuta, na kwa mara ya kwanza hakuzitazama nguo. Ni kweli alikuwa amezoea kuutazama kwa jicho la kazi, akihesabu makosa ya uanikaji. Sasa aliutazama uso. Alimwona mama yake akiwa na umri aliokuwa nao wakati Dobi anaanza shule, ile nyusi moja iliyokuwa juu kuliko mwenzake, kovu dogo la pasi karibu na sikio. Kovu. Mchoraji gani wa kupita angelijua kovu?

Nyumbani alimkuta mzee ameketi kitandani, anakata kucha juu ya gazeti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umechelewa, wateja wamekuja wawili, nimewaambia sijui kitu."

Dobi akavuta kiti, akakaa mbele yake. Alikuwa amepanga kuzunguka kidogo, lakini baba yake aliinua macho na maneno yote ya kuzunguka yakamkimbia.

"Nimekuja kukuomba ruhusa," akasema. "Nataka kutoa nakala ya uso wa mama, ule wa ukutani. Duka linataka ruhusa ya aliyechora. Nimemwona Chiriku. Amesema uso si wake."

Mkasi wa kucha ukatulia. Mzee akalikunja gazeti polepole, na kucha zake ndani, akalikunja tena, akalikunja mpaka likawa dogo kabisa.

"Kakasirika?"

"Alikasirika."

"Ana haki." Akatazama mikono yake. "Sikumuuliza. Nilijua yu hai, nilijua pa kumpata, sikumuuliza. Niliogopa atakataa. Nimewatia watu adabu miaka yote kwa jambo hilohilo." Alisema kwa sauti ya chini, bila kujitetea. "Mwanzo nilitaka kuweka jicho tu. Mama yako alikuwa hana jicho, mwanangu. Alikuwa na kivuli. Nikasema nitaweka jicho, niache. Ukishaweka jicho, shavu linakuwa si lenyewe."

"Baba, yeye amesema asingeweza kuchora hivyo. Hata leo."

Mzee Brashi akakaa na neno lile. Alilipokea vibaya kidogo, kama alivyopokea sifa zote, akajifanya anatafuta kopo la mafuta ya kifua.

"Basi, unaniruhusu?"

"Siwezi."

"Kwa nini, baba?"

"Haijaisha." Akageuka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji, wala hakuyaficha. "Mdomo wa chini na kidevu. Unadhani kwa nini nakaa pale kila siku? Natafuta. Kila kitu kilikuja chenyewe, kovu lilikuja, nyusi ilikuja. Mdomo wa chini umekataa. Niliweka mmoja, nikaufuta, nikaweka mwingine, nikaufuta. Nimemsahau mama yako mdomo. Mwanamke niliyekula naye miaka yote ile. Nikaona nina muda, nitakumbuka. Sasa wanabomoa."

Dobi akamshika mkono, wakakaa hivyo. Chumba cha pili pasi ilikuwa imesahaulika kwenye umeme, na ilipoanza kunuka alikwenda kuizima akarudi.

Jumapili walikwenda wote wawili, kumeshapambazuka vizuri, barabara tupu. Dobi alibeba ngazi waliyoipitia kibandani kwa fundi viatu, mzee alibeba kigoda na mfuko wake, na ndani ya mfuko, kumbe, kulikuwa na makopo madogo ya rangi za maji, kila moja limefungwa kwa kitambaa kilichochanwa kwenye nguo zake kuukuu. Walipofika walimkuta Chiriku, amekuja kuuona uso ule kabla ya Jumatatu, amesimama mbele ya ukuta, mikono mfukoni, ameinua kichwa.

Mzee Brashi akakiweka kigoda chini. Akavua kofia. Dobi hakuwahi kumwona akimvulia mtu kofia.

"Fundi," akasema, "nimeingia kwenye kazi yako bila kukuuliza. Naomba radhi."

Chiriku akamtazama, akautazama ukuta. "Mzee wangu, ungeniuliza siku ile ningekataa," akasema. "Na ningekosea. Panda umalizie. Mimi nitashika ngazi upande huu."

Wakashika ngazi, binti upande mmoja, mchoraji upande wa pili, na mzee akapanda hatua mbili, ya tatu akapumua kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye kidevu. Brashi ilikuwa ndogo kuliko zote alizowahi kuonekana nazo mtaani. Akainyanyua, ikakaa hewani. Ikakaa sana. Hakukumbuka. Alikuwa amesimama mbele ya mkewe siku ya mwisho na hakukumbuka.

"Baba," akaita, ameinua uso juu.

Mzee akatazama chini. Alikuwa karibu kumkemea asimkatishe kazi, akaacha. Alimtazama bintiye namna ambayo hakuwahi kumtazama, jicho la fundi, kipande kwa kipande.

"Kaa hivyohivyo," akasema. "Usifunge mdomo. Inua kidogo, mwanga ukupate. Hapo."

Dobi alikaa hivyohivyo. Shingo ilimuuma, machozi yakamteremkia masikioni, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imeshika ngazi. Juu yake alisikia brashi ikigusa ukuta, taratibu, ikichovya, ikigusa. Baba yake alikuwa anamtazama yeye, anautazama ukuta, anamtazama yeye. Dobi hakuwahi kujua kwamba alikuwa na kitu cha mama yake ambacho hakikuingia maji.

Mzee aliposhuka alirudi nyuma hadi katikati ya barabara, akasimama. Akakunja midomo yake ndani, akaivaa kofia, akaivua tena.

Chiriku alikuwa amechukua simu ya Dobi. Aliinyanyua, akaishusha, akamgeukia fundi rangi wa nyumba.

"Mzee," akasema, "naruhusiwa kupiga?"

Mzee Brashi akaufikiria mchoro, akafikiria swali. Ilikuwa wazi kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuuliza jambo kama hilo juu ya ukuta wowote.

"Unaruhusiwa," akajibu. "Ila ngoja kwanza ikauke."

Akafungua kigoda chake. Chiriku akakaa kwenye ukingo wa barabara, Dobi akakaa kando yake. Mwanamke wa ukutani alikuwa mbichi kidevuni, anang'aa. Jua lilikuwa linapanda, na Dobi, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukaa nje asubuhi bila kuombea jua likaushe upesi, safari hii aliomba lichelewe.